Ndoo Kichwani, Mchakamchaka Miguuni: Mazoezi ya Nguvu na Pumzi kwa Watoto Kabla ya Balehe

Mada iliyowasilishwa kwa walimu wa michezo wa shule za msingi za Handeni na Korogwe



1. Utangulizi

Wiki chache kabla ya semina hii nilikaa na mwalimu mmoja wa michezo kwenye baraza ya shule yake. Akaniuliza swali ambalo nadhani wengi wenu mmekuja nalo: "Hivi watoto wa darasa la 3 na la 4 wanaruhusiwa kunyanyua vitu vizito? Si watadumaa?" Kabla sijamjibu, wasichana wanne walikatiza uwanja mbele yetu, ngata kichwani, kila mmoja na ndoo ya maji ya jikoni. Tuliwaona sote wawili, na wala hatukushtuka.

Nimeandika mada hii kwa sababu ya kutoshtuka kule. Mtoto wa huku kwetu yuko mazoezini tangu alfajiri, ila mazoezi hayo hayana kocha, hayana kipimo, wala hayana siku ya kupumzika. Kazi yetu ya kwanza ni kuuhesabu mzigo alio nao tayari. Ya pili ni kumpa kile ambacho ndoo, jembe na njia ya shule haviwezi kumpa.

2. Mzigo usioandikwa kwenye ratiba

Tuanze na hesabu ya darasa la 2. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, hivyo ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miaka 9 mwenye afya nzuri ana kilo 28 hivi, na wengi wa kwetu hawafiki hapo. Ndoo hiyo, basi, ni zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake. Mtu mzima wa kilo 70 akitaka kuonja mzigo huo, ajitwike mfuko wa saruji wa kilo 50, aende nao kutoka lamboni hadi nyumbani, kisha arudi kufuata mwingine.

Hesabu hii haifanani kila mahali. Handeni ni nyanda kavu. Bomba kuu la maji la Handeni, HTM, huyachukua maji ya mto Pangani huku Korogwe na kuyapandisha huko, na miji yetu yote miwili imo katika mradi wa maji wa miji 28. Lakini bomba likikauka, au pale lisipofika, watu hurudi lamboni na kisimani, na mara nyingi anayetumwa ni mtoto. Bonde la Korogwe lina maji, ila lina joto kali. Ukipanda Bungu au Vugiri hewa inapoa, lakini kila njia ni mpando, na kuni zinabebwa mgongoni. Korogwe mjini, kwa upande mwingine, yuko mtoto anayeletwa shule kwa bodaboda na jioni anakaa mbele ya televisheni. Watoto hawa wote wanasimama kwenye mstari mmoja asubuhi, na tunawapa mazoezi yaleyale.

Sisemi kwamba kuchota maji hakumjengi mtoto. Kunampa mizani ya mwili, mgongo ulionyooka na uvumilivu. Lakini kama zoezi, ndoo ina kasoro tatu. Kwanza, haimfuati mtoto anavyokua: ni ileile akiwa na miaka 8 na akiwa na miaka 12. Pili, uzito wote unashukia shingo na uti wa mgongo. Kurusha, kuruka, kuning'inia na kukimbia kwa kasi havimo. Tatu, haipumziki, na kwa wasichana ndiyo haipumziki kabisa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za kutoa jasho, na angalau siku 3 kwa wiki afanye mambo ya kuimarisha misuli na mifupa. Watoto wetu wengi wa vijijini wanazimaliza dakika 60 kabla kengele haijagongwa. Kinachopungua kwao ni aina za mazoezi, mafunzo ya namna ya kuyafanya, na mapumziko.

3. Nguvu ya mtoto inatoka wapi?

Kabla ya balehe, mwili wa mvulana na wa msichana una homoni ya testosteroni kidogo sana. Kwa hiyo mazoezi hayamnenepeshi mtoto misuli. Mwalimu anayetaka kuona vifua vimetuna darasa la 4 atasubiri bure.

Hata hivyo nguvu huongezeka. Chama cha Marekani cha wataalamu wa mazoezi ya nguvu, NSCA, kilitoa tamko mwaka 2009 kwamba programu nzuri ya wiki 8 hadi 20 inaweza kumwongezea mtoto nguvu kwa karibu asilimia 30. Kama misuli haijanenepa, nguvu hiyo imetoka wapi?

Imetoka kwenye mishipa ya fahamu. Fikirieni gari lililozama kwenye tope wakati wa masika. Watu wanane wanalisukuma, kila mtu kwa wakati wake, na gari halitikisiki. Anatokea mmoja anahesabu, "Moja, mbili, tatu!" na gari linatoka. Watu ni walewale wanane. Kilichobadilika ni kusukuma kwa pamoja. Ndivyo ubongo wa mtoto unavyojifunza kuziamsha nyuzi nyingi za msuli kwa wakati mmoja na kwa mpangilio.

Tukilielewa hilo, kazi yetu inabadilika kwa namna tatu. Kwanza, mazoezi ya nguvu kwa mtoto ni somo kama kusoma na kuandika: tunasahihisha umbo la zoezi kabla ya kuongeza idadi. Pili, mtoto akichoka hadi anaanza kukosea, tunasimama, kwa sababu akiendelea atajifunza makosa. Tatu, nguvu hii hupungua wiki chache tu baada ya kuacha. Dakika chache mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, zina faida kuliko kambi ya wiki mbili kabla ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi.

Kuna faida nyingine iliyojificha kwenye mifupa. Mwaka 2001 watafiti wa Oregon, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto waliokuwa bado hawajabalehe, ambao waliruka kutoka juu ya masanduku mara 100 kwa siku, siku 3 kwa wiki, kwa miezi 7. Mifupa yao ya nyonga na kiuno iliongezeka madini kuliko ya wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Hatuhitaji masanduku: kuruka kamba na rede vina kurukaruka kwa kutosha. Watoto wanapocheza rede wakati wa mapumziko, wanaweka akiba ya mifupa, nasi tunawafukuza tukidhani wanapoteza muda.

4. Hofu ya kudumaa

Hofu ya yule mwalimu ina historia. Katika miaka ya 1960 watafiti wawili wa Japani, Kato na Ishiko, walieleza habari za watoto wa vijiji vya mbali waliobebeshwa mizigo mizito kila siku, na mifupa yao ikakwama kukua. Habari hiyo ikaenea duniani ikiwa imegeuzwa: watu wakaanza kuogopa mazoezi ya vyuma, wakati wale watoto hawakuwa wanamichezo. Walikuwa wachukuzi, na ni vigumu kuutenganisha mzigo wao na ufukara na lishe duni. Tangu hapo, tafiti za mazoezi yanayosimamiwa vizuri hazijaonyesha kwamba yanamfupisha mtoto.

Kwa maneno mengine, mfano uliotuogopesha unafanana zaidi na msichana mwenye ndoo kuliko na mvulana anayepiga pushapu.

Tahadhari inabaki. Kwenye ncha za mifupa ya mtoto kuna gegedu la ukuaji, ambalo ni laini kuliko mfupa wenyewe. Majeraha mengi ya watoto katika mazoezi ya nguvu hutokana na mambo manne: kukosa msimamizi, kukosea umbo la zoezi, kifaa kuanguka, na kushindana nani atanyanyua kizito zaidi. Kwa hiyo kabla ya balehe hakuna mashindano ya kunyanyua. Na mtoto wa miaka 8 hadi 14 akilalamika kisigino, au akilalamika maumivu chini kidogo ya goti, asiitwe mvivu. Mara nyingi hizo ni sehemu zinazokua, ambapo msuli unauvuta mfupa usiokomaa. Dawa ya kwanza ni kupunguza mbio na miruko. Maumivu yakizidi, au akianza kuchechemea, apelekwe zahanati.

5. Pumzi na mchakamchaka

Hakuna shule hapa isiyojua mchakamchaka. Una faida zake: unawaamsha watoto, unawaunganisha kwa nyimbo, hauna gharama. Lakini tusiutwishe kazi usioiweza.

Mtoto tayari ana pumzi nyingi kwa kilo ya uzito wake, na anapata nafuu haraka akipumzika kidogo. Uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni huongezeka kwa mazoezi, ila kidogo: mapitio ya tafiti yanataja wastani wa asilimia 5 hadi 6, tena baada ya wiki nyingi. Mtu mzima anayeanza mazoezi mara nyingi hupata mara mbili au tatu ya hapo. Mtoto pia hupiga hatua nyingi fupi na kutumia nguvu zaidi kwa kila kilomita. Mapigo ya moyo wake yakifika ukomo huwa karibu 200 kwa dakika, awe na miaka 8 au 12. Ile kanuni ya kutoa umri kwenye 220 msiitumie kwake. Na kwenye joto, jasho lake ni kidogo kuliko la mtu mzima. Mwalimu anayekimbia naye sambamba saa 5 asubuhi bonde la Korogwe anafikiri wanapata joto lile lile, kumbe mtoto ana njia chache za kulitoa.

Tazameni pia jinsi mtoto anavyokimbia akiachwa mwenyewe. Hakimbii kilomita 5 kwa mwendo mmoja. Anachomoka, anasimama, anacheka, anachomoka tena. Kombolela imejaa mbio za namna hiyo, na ndizo zinazomfaa: mbio fupi zenye mapumziko.

Wengine watanijibu kwa mfano wa Kenya. Ni kweli, utafiti wa Vincent Onywera na wenzake wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wakimbiaji wa kimataifa wa Kenya walikimbia kwenda shule utotoni kwa wingi kuliko Wakenya wa kawaida. Lakini hakuna aliyewapimia muda njiani. Walikimbia ili wasichelewe kengele, wakasimama walipotaka. Tena Iten, mji wa wakimbiaji hao, uko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi na baridi. Ratiba ya huko haiwezi kuhamishiwa Mombo, bondeni kwetu, kama ilivyo.

Tutazame na kwetu. Medali mbili za Olimpiki za Tanzania zilipatikana Moscow mwaka 1980: Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5,000. Wote walikuwa na miaka 27. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 2025, alikuwa na miaka 33. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nami sipingi. Mkunje katika adabu, katika kupenda mchezo, katika kukimbia vizuri. Lakini usimkaange kabla hajafika sokoni. Mtoto aliyechoshwa na mbio akiwa na miaka 11 hatakuwepo akifika 27.

6. Damu kwanza, mbio baadaye

Oksijeni hubebwa na damu, na damu ya watoto wetu ina maadui. Korogwe inajulikana duniani kwa utafiti wa malaria: ilikuwa moja ya vituo viwili vya Tanzania, pamoja na Bagamoyo, ambako chanjo ya RTS,S ilifanyiwa majaribio makubwa kuanzia mwaka 2009. Heshima hiyo ina upande wake wa uchungu, kwani chanjo ya malaria hupimwa mahali malaria ilipo. Malaria hula damu. Safura hunyonya damu. Kichocho huipoteza kwenye mkojo au choo.

Lani Stephenson na wenzake walichapisha mwaka 1993 utafiti wa wavulana wa shule nchini Kenya. Kundi moja lilipewa dozi moja tu ya albendazole, dawa ya minyoo. Baada ya miezi 4 watoto hao walipimwa kwa zoezi la kupanda na kushuka kistuli, na uwezo wao ulikuwa umepanda kuliko wa kundi ambalo halikupewa dawa. Hata hamu ya kula iliongezeka. Siku ya dawa za minyoo shuleni, basi, na mwalimu wa michezo awepo. Pengine hana zoezi la pumzi lenye faida kubwa kuliko kidonge kile.

Mambo mengine mawili. Mtoto aliyetoka kuugua malaria asirudishwe kwenye mbio wiki hiyohiyo; aanze kwa kutembea na michezo myepesi. Na mtoto mwenye seli mundu asilazimishwe kushindana: apewe maji, kivuli na ruhusa ya kupumzika bila kuchekwa, kwa ushauri wa kliniki yake. Anayezimia, anayeshika kifua, au anayehema kuliko wenzake kwa kazi ndogo, apelekwe hospitali kabla ya mazoezi mengine yoyote.

Na chakula? Mchakamchaka kwa tumbo tupu, baada ya kulala na bada iliyoliwa jana saa 1 usiku, hauongezi nguvu. Unachoma ile kidogo iliyobaki. Pale penye uji wa shule, mazoezi mazito yawe baada ya uji. Pasipo uji, yawe mepesi.

7. Nani bado hajabalehe?

Darasa la 6 lina wasichana waliokwisha kuvunja ungo na wavulana ambao sauti zao bado ni za darasa la 3. Kwa wastani wasichana hurefuka kwa kasi kuu karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14. Umri wa kwenye daftari, kwa hiyo, hautoshi, na si kazi yetu kumchunguza mtoto mwili.

Njia rahisi ni chaki. Kila mwanzo wa muhula, kila mtoto asimame ukutani bila viatu, mstari upigwe, urefu uandikwe. Kabla ya balehe mtoto hurefuka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Mstari ukianza kuruka kwa kasi kuliko hapo, huyo ameingia kipindi kingine: mifupa imetangulia, misuli inafuata nyuma, na mtoto anajikwaa kwenye miguu yake mwenyewe. Wakati huo punguza miruko na mbio ndefu, rudia mafunzo ya mizani.

8. Kipindi cha dakika 40

Napendekeza mpango huu, siku 2 au 3 kwa wiki, zisizofuatana. Unamfaa mtoto kuanzia miaka 7 au 8, ilimradi anaweza kusikiliza maelekezo.

Dakika 8 za kupasha moto: kukimbizana, kutembea kama kaa, kuruka kwa mguu mmoja.

Dakika 12 za nguvu, kwa vituo: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu (anayeshindwa apige magoti), kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu (mwili umenyooka), kuning'inia kwenye tawi imara, kuvuta kamba ya katani, ambayo huku kwenye mkonge haitusumbui kuipata. Kila kituo marudio 8 hadi 15, seti 1 au 2. Mtoto akiweza 15 bila kukosea, mpe chupa ya lita 1.5 iliyojaa mchanga, ambayo ni kilo 2 na ushee.

Dakika 14 za pumzi: mbio za vijiti, kombolela, mbio za sekunde 15 na kutembea sekunde 45.

Dakika 6 za mwisho: kutembea, kunywa maji, na swali moja tu: "Leo asubuhi nani amechota maji, mara ngapi?" Jibu hilo ndilo litakuambia kipindi kijacho kiwe kizito au chepesi.

9. Mapendekezo

(a) Mazoezi yasiwe adhabu. Tunamrusha mtoto kichura kwa kuchelewa, kisha kesho tunamwambia kichura ni zoezi la afya; atamwamini mwalimu yupi? Tena kichura cha kulipiza hakina idadi wala umbo, na magoti ndiyo yanayolipa.

(b) Maji ya shule yachotwe kwa vyombo vinavyolingana na mtoto. Dumu la lita 5 linamtosha wa darasa la 3. Wavulana nao wachote.

(c) Mbio ziishe kabla ya saa 3 asubuhi au zianze baada ya saa 10 jioni, na maji ya kunywa yawepo.

(d) Kabla ya balehe mtoto asifungwe kwenye mchezo mmoja. Saa za mazoezi ya michezo kwa wiki zisizidi miaka yake: wa miaka 9, saa 9. Apumzike angalau siku 1 kila wiki.

(e) Mwalimu asipimwe kwa makombe ya UMITASHUMTA peke yake. Tuhesabu pia ni watoto wangapi wa darasa la 3 bado wanacheza wakifika la 6, hasa wasichana.

10. Kazi ya vikundi

Badala ya hitimisho, nimeleta mizani ya kupimia mahindi. Iko pale mlangoni. Kila kikundi kiandike uzito wa mtoto mmoja wa shule yake kinaoukumbuka kutoka kadi au daftari la afya. Kisha mjaze maji kwenye ndoo inayotumika shuleni kwenu, muipime, na muandike ni asilimia ngapi ya uzito wa mtoto huyo. Mkimaliza, mmoja wenu ajitwike asilimia hiyohiyo ya uzito wake mwenyewe, atembee hadi lango la shule na kurudi.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze ratiba ya mchakamchaka.